Hazina za Wenyeji na Ulinzi wa Raia Katika Nchi ya Singida

Nchi ya Singida imekaa katikati ya Tanzania, juu ya uwanda mkavu wenye mawe makubwa yaliyolundikana kama kazi ya mikono, na mvua yake, ambayo kwa mwaka huwa aghalabu baina ya milimeta 500 na 800, haina ahadi. Mwaka mmoja hushuka kwa wakati wake, uwele na mtama vikastawi; mwaka wa pili hukawia, kisha ikaja kwa ghadhabu ya siku chache na kuchukua udongo pamoja na mbegu. Wanyaturu, Wanyiramba na Waisanzu ndio wakazi wake wengi. Upande wa Manyoni wako Wagogo na Wakimbu, na katika mbuga za kaskazini Wataturu na ng'ombe wao, na Wahadzabe karibu na ziwa Eyasi. Eneo lote lapata kilomita za mraba 49,000 hivi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967, mkoa ulionekana kuwa na watu 457,938, yaani kilomita moja ya mraba haikupata hata watu 10.

Hesabu hiyo ndogo ina maana kubwa katika historia ya serikali za mitaa. Barabara ya maili kumi ikichongwa pwani au katika migomba ya Kilimanjaro hupita mbele ya nyumba nyingi, na kila nyumba ina mlipa kodi wake. Barabara ya maili kumi katika nyika ya Singida huweza kupita mbele ya nyumba chache zilizotawanyika, na pengine mbele ya vichaka vitupu. Gharama ya kuchonga ni ile ile, ilhali walipaji ni wachache na maskini. Kwa sababu hiyo swali la jirani kuchanga na jirani yake lilizaliwa na nchi yenyewe: mtu mmoja, kijiji kimoja, hata utemi mmoja, hakuweza peke yake kujilipia njia ya kupita, maji ya kunywa na usalama wa usiku.

Kabla ya wageni kuingia, mchango huo haukuwa wa fedha. Wanyaturu, waliogawanyika katika Wahi, Wirwana na Wanying'anyi, hawakuwa na mtemi mmoja wa kuwaamrisha wote. Wazee wa koo waliamua mambo ya ardhi na damu, na yowe likipigwa usiku kila mwanamume aliyelisikia alipaswa kutoka na silaha yake. Asiyetoka alikumbukwa. Waisanzu walikuwa na desturi nyingine: Kirumi palikaa watawala wawili, mwanamume na mwanamke, ambao kazi yao kubwa ilikuwa kuiombea nchi mvua, na watu waliwalimia mashamba yao kwa ajili hiyo. Kulimia shamba la mleta mvua ni kodi ya ulinzi kama kodi nyingine yoyote, kwa kuwa katika nchi kavu adui wa kwanza ni njaa. Ila mchango wa namna hii ulikuwa na ukomo wake. Ulifika pale sauti ya yowe ilipofika, au pale jina la mtawala lilipoheshimiwa. Ng'ambo ya mpaka huo jirani alikuwa mgeni, na mara nyingi ndiye aliyedhaniwa kuwa mwizi.

Wajerumani walijenga maboma Kilimatinde na Mkalama, wakaweka majumbe na maakida mahali ambapo hapakuwa na jumbe, na wakatoza kodi. Upinzani ulikuwapo, masimulizi ya Wanyaturu hata leo yanamtaja Liti, mwanamke aliyewakabili askari wa Kijerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na nyuki wakiwa jeshi lake. Kodi ya nyumba ilikuwa imetangazwa katika koloni tangu 1897. Jambo ambalo halikumbukwi sana ni kwamba mwaka 1901 Wajerumani waliunda mifuko ya wilaya, ambayo iliachiwa sehemu ya kodi hiyo ili itengeneze njia na kazi nyingine za mahali hapo. Mifuko hiyo haikuishi. Mwaka 1909 ilifutwa, isipokuwa katika miji ya Dar es Salaam na Tanga, na fedha zikarudi katika hazina kuu. Mwenyeji wa Mkalama hakuulizwa ilipoundwa wala ilipofutwa, na yamkini hakujua kama ilikuwapo. Lakini mtindo wa kuwapa watu wa mahali mkoba na kisha kuunyakua ulianza hapo, na utaonekana tena mbele.

Katika miaka hiyo hiyo dhahabu ilipatikana Sekenke, chini ya mteremko wa Iramba, na wakati wa Vita vya Kwanza ikapelekwa Tabora kufuliwa sarafu za vita mwaka 1916. Utajiri huo ulipita juu ya vichwa vya watu wa Iramba kama wingu lisilonyesha.

Waingereza walipopewa dhamana ya Tanganyika, walikuta majumbe hawa wa kupandikizwa na wakatafuta namna ya kuwafanya waonekane wa asili. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, alikuja na fikra aliyokuwa ameiona ikitumika Nigeria, na Sheria ya Serikali za Wenyeji ya mwaka 1926 ikaipa nguvu. Moyo wa mpango ule haukuwa kofia ya mtemi wala kanzu yake, ulikuwa hazina. Kila Serikali ya Wenyeji ilipewa sehemu ya kodi ya nyumba na ya kichwa iliyokusanywa katika nchi yake, pamoja na ada za baraza, faini, na ushuru wa masoko na vilabu vya pombe. Katika fedha hizo ililipa mishahara ya watemi, makarani na matarishi, ikaendesha zahanati na shule, ikachimba visima na malambo, ikatengeneza njia zisizokuwa njia kuu.

Yapo mengi ya kulaumu katika mpango huo, na wanahistoria wameyalaumu. Watemi wa Unyaturu walikuwa watu wa serikali zaidi kuliko watu wa wananchi. Vitabu vya hazina vilipita mbele ya Bwana Shauri kabla ya senti moja kutoka. Na aliyeshindwa kulipa kodi aliweza kulipishwa kwa jasho, akapewa jembe na kupelekwa barabarani. Hata hivyo msomaji akitazama kwa haki ataona kwamba kwa mara ya kwanza palikuwa na sanduku lililoandikwa jina la nchi ndogo, na kwamba fedha iliyoingia humo ilitazamiwa itoke hapo hapo. Karani aliyejua kusoma aliweza kusema, kisima hiki kimegharimu kadha. Hilo ni jambo geni katika historia ya kodi ya Afrika Mashariki, na hapana budi kulihesabu.

Udhaifu wa hazina hizi ulikuwa udogo wake. Nchi iliyogawanywa katika temi nyingi ilizaa hazina nyingi zenye fedha haba, ambazo sehemu kubwa iliishia katika mishahara. Utawala ulilijua jambo hilo, ndiyo sababu ulihimiza watemi wadogo wakae katika baraza moja na kuunganisha hazina. Mfano uliosifiwa sana ulikuwa jirani, upande wa magharibi na kaskazini: mara baada ya Vita vya Pili, watemi wa Usukuma walifanya shirikisho lao na makao yake yakawa Malya, na kupitia shirikisho hilo mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma ulipitishwa, wenye malambo, kufyeka mapori ya mbung'o na kuhamisha watu. Ila Usukuma ulikuwa na pamba. Fedha ya pamba ndiyo iliyowaketisha watemi wale mezani, kwa sababu palikuwa na kitu cha kugawana na kitu cha kugombea. Singida haikuwa na zao la namna hiyo. Mali yake ilikuwa ng'ombe, ngozi, samli, karanga kidogo, na nguvu za vijana waliokwenda kukata mkonge Tanga. Muungano wa hazina tupu ni hazina tupu yenye jina refu, na labda hapo ndipo penye sababu ya kwa nini mabaraza ya pamoja ya Singida hayakuacha alama kubwa kama yale ya Malya.

Mfano wa reli unaonyesha mipaka ya uwezo wa hazina hizo kuliko maneno mengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 serikali ya Tanganyika ilitandika tawi la reli kutoka Manyoni kwenda Singida hadi Kinyangiri, kwa matumaini kwamba nafaka na mifugo ya nchi ile ingelijaza mabehewa. Wakati ulikuwa mbaya: dunia nzima ilikuwa katika mdororo wa biashara, na mabehewa hayakujaa. Katika miaka ya 1940 tawi likafungwa, reli zikang'olewa, na vyuma vyake vikapelekwa Kusini, kunakotakiwa reli mpya ya mpango wa karanga. Tuta likabaki. Hapakuwa na baraza la Wanyaturu wala la Wanyiramba lililoweza kusema lolote lenye uzito, kwa kuwa hazina zao zisingeweza kulipia hata ukarabati wa maili chache. Nchi iliyoondolewa reli ikarudi kutegemea barabara, na barabara ndizo zilizokuwa mzigo wa hazina hizo hizo maskini. Mpaka mwishoni mwa karne ndipo reli nyingine ilipotandikwa tena kati ya Manyoni na Singida.

Wakati reli ile inatoweka, nchi ya Wanyaturu iliingia katika msiba ambao jina la Singida liliandikwa nao katika magazeti ya Uingereza. Kati ya mwaka 1946 na 1948 viliripotiwa vifo zaidi ya 100 vya watu walioraruliwa. Mwanzo vilihesabiwa kuwa kazi ya simba wa porini. Baadaye serikali iliamini kwamba vingi vyavyo vilitendwa na watu, waliovikwa ngozi za simba na kutumwa na wengine. Wanyaturu wana jina la viumbe hao, mbojo, na jina hilo ni la zamani kuliko utawala wowote wa kigeni. Kesi zilifanyika, na baadhi ya washitakiwa wakahukumiwa kifo. A. W. Wyatt aliandika habari za mambo hayo mwaka 1950 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na mwaka 1962 Harold Schneider, aliyeishi na Wanyaturu na kuchunguza maisha yao, aliyapima upya katika jarida hilo hilo. Ni kiasi gani kilikuwa cha simba, kiasi gani cha watu, na kiasi gani cha hofu, hapa si mahali pa kukata shauri.

Linalohusu insha hii ni hazina. Usalama wa raia, katika mpango wa Kiingereza, ulikuwa umegawanywa vipande viwili visivyolingana. Askari polisi walikuwa wa serikali kuu, na kituo chao kilikuwa mjini. Serikali ya Wenyeji ilikuwa na matarishi wachache wa kupeleka barua za wito na kukamata wakwepa kodi, na baraza la kuhukumu kesi ndogo. Katika siku za kawaida mgawanyo huo ulitosha. Mauaji yalipoanza, matarishi hawakuwa na ujuzi wala silaha za kupeleleza, na askari waliotoka mbali hawakujua lugha, njia wala koo. Mwenyeji aliyejua jambo alikuwa na sababu nzuri ya kunyamaza, maana askari angeondoka na mbojo angebaki. Mtemi, ambaye mshahara wake ulitoka katika hazina ya mahali, alikuwa kati ya moto na maji: kwa serikali alikuwa mlinzi wa amani, kwa watu alikuwa jirani mwenye watoto kama wao.

Tena hofu yenyewe ilikula hazina. Mtu asiyethubutu kwenda peke yake katika shamba la mbali hulima dogo karibu na nyumba. Anayelima dogo huvuna dogo. Anayevuna dogo hana cha kuuza ili alipe kodi. Ndivyo ilivyo ajabu ya fedha za ulinzi katika nchi maskini, kwamba haja yake huwa kubwa zaidi siku ile ile mkoba unapokuwa mwepesi zaidi. Hazina moja ya utemi haikuweza kustahimili hali hiyo. Ulinzi wa kila siku, yaani kutembea makundi, kulala nyumba moja watu wengi, kusindikiza wanawake kisimani, ulirudi mahali ulipokuwa kabla ya Wajerumani: kwa majirani, bila malipo na bila kuandikwa katika kitabu chochote cha mapato na matumizi.

Gavana Edward Twining alitaka kuufanya utawala wa mitaa kuwa wa kisasa. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1953 iliruhusu mabaraza ya watu wa rangi zote kuchukua nafasi ya hazina za watemi, na kuunganisha wilaya kadha katika baraza kubwa zaidi. Jaribio kubwa la kuunganisha lilifanywa kusini mashariki ya Ziwa Viktoria mwaka 1955, na halikufika mbali, kwa sababu wananchi waliliona kama kanzu iliyoshonwa bila kupimwa. Machafuko ya Geita ya mwaka 1958 yalimaliza hamu. Singida ilikuwa pembeni ya ugomvi huo, lakini somo lilifika: watu hawakukataa kuchanga pamoja, walikataa kuchangishwa na baraza wasilolichagua.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, mabadiliko yalikwenda kwa kasi. Sheria ya mwaka 1963 iliwaondolea watemi madaraka, na mwaka huo huo Mkoa wa Singida ukatengwa kutoka Jimbo la Kati lililokuwa na makao Dodoma. Halmashauri za wilaya zilizochaguliwa zikarithi hazina za zamani pamoja na mizigo yake yote na zaidi, kwa kuwa wananchi waliojitawala walidai shule na zahanati zilizokawia miaka 40. Watu walijitolea kwa moyo katika kujenga taifa. Vijiji viliinua kuta za matofali, kisha vikaitazama halmashauri ilete bati, dawa na mwalimu. Kila jengo la kujitolea lilikuwa, kwa lugha ya mhasibu, deni la kila mwaka. Halmashauri zilizokuwa na kahawa au pamba zilihimili kwa muda. Halmashauri za nchi ya uwele hazikuwa na pa kushika. Mwaka 1969 serikali kuu iliifuta kodi ya kichwa ya halmashauri, ikachukua yenyewe sehemu kubwa ya gharama za elimu, afya na barabara, na tarehe 30 Juni 1972 halmashauri za wilaya zikafutwa zenyewe. Mpango huo uliitwa Madaraka Mikoani, na uliundwa kwa shauri la washauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey. Madaraka kweli yalikwenda mikoani, lakini yalikwenda na maofisa wa serikali kuu. Mkoba wa wilaya ulikuwa umerudi kule ulikorudi mwaka 1909.

Si haki kusema kwamba miaka ile 12 ilikuwa ya hasara tupu. Wakulima wa Singida hawakusikitikia kodi ya kichwa, na maji, shule na zahanati vilifika katika vijiji ambavyo halmashauri ya zamani isingevifikia kwa miaka mingi. Hasara ilionekana katika mambo madogo ya matunzo: karavati lililobomoka, pampu iliyokosa mpira, gari la taka lisilo na mtu wa kuuliza juu yake. Katika miji hali ilikuwa mbaya zaidi, na kipindupindu cha mwaka 1977 na 1978 kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoifanya serikali kurudisha halmashauri za miji mwaka 1978. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri mwaka 1984 kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika ni mambo ambayo, lau angeanza upya, asingeyafanya. Ni viongozi wachache wa karne ile waliokiri jambo la namna hiyo wakiwa bado madarakani.

Katika pengo hilo hilo, ambapo hapakuwa na halmashauri, lilizuka jambo linalostahili kuzingatiwa zaidi kuliko sheria zote zilizotajwa. Mwaka 1981 na 1982, katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi, wizi wa ng'ombe na unyang'anyi ulipozidi baada ya vita vya Uganda na katika shida ya bidhaa, vijiji viliunda majeshi yao ya sungusungu. Wanaume walishika pinde na mishale, wakachagua viongozi na kuwapa majina ya utemi wa zamani, wakaweka amri kwamba mwano ukipigwa kijiji kimoja, kijiji cha pili kiupokee, na cha tatu, mpaka mwizi azingirwe. Desturi hiyo ilienea kwa majirani, Singida ikiwamo. Raia waliokuwa wameishi miaka kumi bila baraza la wilaya walijiundia ulinzi uliovuka mipaka ya kata, wilaya na hata mkoa, wakaulipia wenyewe kwa michango ya kaya, kwa faini, na kwa usiku wa kukesha.

Ubora wa sungusungu ulikuwa ule ule wa yowe la zamani, ila wenye masafa marefu zaidi. Ubaya wake pia ulikuwa wa zamani. Mtuhumiwa hakuwa na wakili; bibi kizee mwenye macho mekundu aliweza kuitwa mchawi; mchango uliweza kugeuka kuwa ngawira. Polisi na mahakama walinung'unika, chama tawala kiliunga mkono, na mwishowe marekebisho ya sheria za mgambo ya mwaka 1989 yaliwapa wanasungusungu nafasi katika sheria. Lakini nafasi katika sheria si fungu katika bajeti. Kazi ya usiku katika vijiji iliendelea kulipiwa na wanaokesha.

Sheria za mwaka 1982 zilirudisha halmashauri za wilaya, nazo zikaanza kazi mwaka 1984. Mwaka huo huo jumuiya ya serikali za mitaa za Tanzania, ALAT, ikaundwa ili ziwe na sauti moja mbele ya serikali kuu. Sheria hizo ziliruhusu pia halmashauri mbili au zaidi kuunda kamati ya pamoja kwa shughuli inayozihusu zote. Kwa nchi kama Singida mlango huo ungetazamiwa kuwa na msongamano wa wapitaji. Mambo yalikwenda upande mwingine. Iramba ilizaa Mkalama, na Singida Vijijini ikazaa Ikungi, mwaka 2012; Manyoni ikazaa halmashauri ya Itigi mwaka 2015. Zikawa halmashauri saba pamoja na Manispaa ya Singida. Watu nao walikuwa wameongezeka, kutoka 1,370,637 mwaka 2012 hadi 2,008,058 mwaka 2022, na hoja ya kusogeza huduma karibu na wananchi ina uzito: mgonjwa wa Nduguti hana haja ya kwenda Kiomboi kutafuta saini. Lakini kila halmashauri mpya ilihitaji jengo, magari, wakuu wa idara na baraza la madiwani, na hazina iliyogawanywa mara mbili haiongezeki kwa kugawanywa. Hapo udogo wa hazina za Cameron ulirudi ukiwa na majina mapya.

Palizuka hata ushindani. Ushuru wa mazao ndio fedha ya kwanza ya halmashauri ya vijijini, na gunia la alizeti likisafiri kutoka wilaya moja hadi nyingine lilikutana na mageti, kila geti likidai haki ya bwana wake. Mkulima alilipa kwa kuvuka mpaka ambao hakuona faida yake. Mwaka 2017 serikali kuu ilipunguza ushuru huo kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, ikakataza pia kutozwa kwa mzigo usiozidi tani moja unaovushwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mkulima alipumua. Halmashauri zilipungukiwa, na hakuna lawama ya haki inayoweza kutupwa upande mmoja tu.

Wakati huo huo kazi zenyewe zilikuwa zikiondolewa mikononi mwa halmashauri, moja baada ya nyingine. Zimamoto, iliyokuwa ya halmashauri za miji, ilifanywa jeshi la taifa kwa sheria ya mwaka 2007. Barabara za wilaya, ambazo zilipata asilimia 30 ya Mfuko wa Barabara, zilikabidhiwa wakala mpya, TARURA, mwaka 2017. Maji ya vijijini yakapewa RUWASA mwaka 2019. Kodi ya majengo nayo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato, na tangu 2021 hukatwa katika ununuzi wa umeme. Watetezi wa mabadiliko hayo wanasema, na kwa ukweli, kwamba halmashauri moja haiwezi kumiliki greda wala mhandisi wa madaraja wa kutosha, na kwamba wakala wa taifa ni njia ya wilaya zote kuchanga pamoja bila kugombana. Wapinzani wao wanajibu kwamba diwani anayeulizwa juu ya daraja lililochukuliwa na maji hana tena fedha wala amri juu ya daraja hilo, isipokuwa sikio la kulaumiwa. Hoja ya pili ndiyo yenye nguvu zaidi kwa anayekumbuka 1909 na 1972, ingawa hoja ya kwanza ndiyo inayojenga madaraja.

Ushahidi wa yote mawili uko katika mto Sibiti. Mto huo hutoka ziwa Kitangiri na kumwaga ziwa Eyasi, na katika njia yake huitenga Mkalama na Meatu, yaani mkoa wa Singida na mkoa ambao tangu 2012 ni Simiyu. Masika ukijaa, safari ilikatika. Faida ya daraja ingekuwa ya wilaya zote mbili, na kwa hiyo kila moja ingeweza kungoja mwenzake aanze. Na hata zingechanga, mapato yao yasingetosha. Ujenzi ulifanywa na wakala wa barabara wa taifa, TANROADS, kwa fedha za serikali kuu, ukaanza mwaka 2012 na kukawia kwa miaka kadha. Mwishoni mwa muongo huo magari yalipita juu ya daraja la mita 82 katika barabara itokayo Iguguno kupitia Nduguti.

Njia iliyofunguliwa kwa mfanyabiashara wa alizeti imefunguliwa pia kwa mwizi wa ng'ombe. Kwa mambo ya namna hii wilaya zinazopakana nchini Tanzania zina desturi ya vikao vya ujirani mwema, ambapo kamati za ulinzi na usalama za pande mbili hukutana, pamoja na wazee na wafugaji, kuzungumza juu ya mifugo iliyovuka, malisho na mipaka. Vikao hivyo havina hazina yake. Humalizika kwa makubaliano, wajumbe hurudi kila mmoja upande wake wa mto, na usiku ule ule vijana wa vijiji vya ukingoni huchukua zamu ya kukesha.